Jumuiya isiyo na mtawala: Ubudha na uanarki vinakutana wapi hasa?

Msomaji wa Makadara ameuliza:

Assalaam alaykum, na salamu kwa wote wa barza hii.

Kwa miezi kadhaa sasa nimekuwa nikisoma, pamoja na wenzangu wachache tunaokutana jioni baada ya kazi, maandishi kuhusu uanarki, yaani ile fikra ya kisiasa inayosema kwamba binadamu wanaweza kuishi na kupanga mambo yao bila dola, bila bwana, na bila mtu kumshurutisha mwenzake. Sizungumzii fujo, ingawa wengi hulielewa neno hilo hivyo; nazungumzia watu kama Proudhon, aliyeuliza mwaka 1840 mali ni nini na akajibu kuwa mali ni wizi, na Kropotkin, ambaye mwaka 1902 alitoa kitabu kizima kuonyesha kwamba kusaidiana kumewahifadhi viumbe kuliko kushindana. Katika kusoma huko tumekutana na dai kwamba Ubudha na uanarki ni ndugu wa toka nitoke. Gary Snyder, mshairi wa Marekani aliyeishi Japani akisomea Zen, mkondo mmoja wa Ubudha, aliandika insha kuhusu jambo hilo mwaka 1961, akasema kwamba rehema ya Magharibi imekuwa mapinduzi ya jamii na rehema ya Mashariki imekuwa mtu kujitambua kwa undani, na kwamba tunazihitaji zote mbili.

Maneno hayo ni mazuri, lakini hayakunikinaisha. Vitu viwili kuhitajiana hakuvifanyi kuwa kitu kimoja. Jahazi linahitaji upepo, na upepo si jahazi. Mwanarki anasema kinachomharibu mtu ni mamlaka aliyowekewa juu ya kichwa chake. Mbudha anasema kinachomharibu ni uchu ulio ndani ya moyo wake. Nani kati yao tumwamini?

Nauliza kwa sababu ya jambo lililotupata. Mtaani kwetu nyumba kumi na moja tulichanga tukachimba kisima na kununua pampu, kwa kuwa tulikuwa tumechoka kununua maji ya mikokoteni. Tulikubaliana kwamba hatutakuwa na mwenyekiti wala mweka hazina. Kila jambo lingeamuliwa na wote, barazani, baada ya sala ya Isha. Mambo yalikwenda vizuri kwa karibu miaka miwili. Kisha yule tuliyemwachia ufunguo wa chumba cha pampu, kwa sababu tu nyumba yake ndiyo iliyo karibu, akaanza kuwauzia maji wenye mikokoteni usiku. Tulipomuuliza, alikana; tulipomuuliza tena, alinyamaza; na sisi tuliojivunia kutokuwa na mkubwa hatukuwa na njia ya kumwondoa. Kufuli lilivunjwa, na hadi leo familia mbili haziamkiani. Je, watawa wa Kibudha, ambao nasikia waliishi bila mkubwa, waliwahi kukutana na mtu wa namna hii?

Binti Kibokoni amejibu:

Waalaykum salaam, ndugu Msomaji. Kwa kuwa umetuletea ugomvi wa maji, nami nitaanza na ugomvi wa maji.

Vitabu vya Vinaya, yaani kanuni za watawa wa Kibudha, vinasimulia mzozo uliozuka katika mji wa Kosambi, kaskazini mwa India, wakati Buddha mwenyewe angali hai. Mtawa mmoja aliacha maji yaliyobaki katika chombo cha chooni, jambo lililokatazwa. Mwenzake akamwambia kuwa ni kosa, mwenyewe akasema haoni kosa lolote, na kabla ya muda mrefu jumuiya nzima iligawanyika pande mbili zilizotengana. Buddha aliwaendea akawasihi wapatane. Walimjibu kwa adabu kwamba yeye apumzike na utulivu wake, ugomvi wawaachie wao. Hakuita askari wa mfalme, wala hakumteua mtu wa kuwasimamia. Alichukua bakuli lake akaenda kukaa msituni. Wenyeji wa Kosambi, walipojua kwamba amewahama kwa sababu ya watawa hao, waliacha kuwaamkia na waliacha kuwapa chakula. Watawa wakapatana.

Mimi naona kwamba mkutano wa hizi fikra mbili unapaswa kutafutwa katika kisa kama hicho kabla ya kutafutwa katika mafundisho ya juu kuhusu utupu na nafsi. Swali ambalo waanarki wameulizwa tangu karne ya 19 ni hili: mkiondoa polisi na jela, jumuiya itasimamishwa na nini? Sangha, jumuiya ya watawa, ni mojawapo ya majibu ya zamani zaidi yaliyopata kujaribiwa. Hata jina lenyewe lina historia ya kisiasa, kwa sababu katika India ya wakati ule neno sangha lilitumika pia kwa zile dola ndogo zilizotawaliwa na baraza badala ya mfalme. Mfalme Ajatasattu wa Magadha alipotaka kuwavamia Wavajji, waliokuwa na utawala wa namna hiyo, alimtuma waziri wake kwa Buddha. Buddha akasema kwamba maadamu Wavajji wanaendelea kukutana mara kwa mara na kwa umoja, hawatashuka. Kisha akawaita watawa wake akawapa mashauri yaleyale kwa ajili ya jumuiya yao. Na alipokaribia kufa hakutaja mrithi. Aliwaambia wawe visiwa vyao wenyewe, na kwamba mafundisho na kanuni ndivyo vitakavyokuwa mwalimu wao.

Tazama pia jinsi walivyoamua mambo. Hoja ilitangazwa mbele ya mkutano wote wa eneo hilo, katika mambo mazito mara tatu, na aliyeafiki alinyamaza, na asiyeafiki alisema. Maafikiano yaliposhindikana, kulikuwa na njia ya kupiga kura kwa vijiti. Na mali ya mtawa ilihesabika: mavazi matatu, bakuli, wembe, sindano, mshipi na kichujio cha maji. Vitu vinane. Ndugu yangu, tafakari hilo kwa kisima chenu. Mwenye ufunguo alikuwa na kitu ambacho wengine hawakuwa nacho, na kitu hicho kilizaa pesa usiku.

Ndiyo maana siwezi kuchagua kati ya pande mbili ulizozitaja. Kuna hotuba ya Buddha iitwayo Aggañña inayosimulia kwamba hapo mwanzo mpunga ulijiotea wenyewe, uliovunwa jioni ukawa umekwisha kurudi asubuhi. Mtu mmoja, kwa uvivu, akavuna wa milo miwili kwa mkupuo. Wengine wakaiga, wakaweka akiba ya siku mbili, nne, nane. Mpunga ukaota makapi na ukaacha kurudi, watu wakagawana mashamba na kuweka mipaka, akatokea mwizi, ndipo adhabu ikaingia duniani. Uchu ulitangulia, mali ikafuata, na bakora ikaja mwisho. Proudhon angeisoma hadithi hiyo asingebadilisha mengi.

Mwalimu Mstaafu wa Likoni amejibu:

Nimemsoma binti yetu kwa furaha, kwa sababu ameandika kwa vyanzo na si kwa shauku tupu. Hata hivyo, hadithi ya mpunga ameikatiza pale ilipoanza kumpinga. Watu wale, baada ya wizi kuzidi, walikutana wakamchagua mmoja wao aliyefaa, awakemee wakosaji kwa niaba yao, nao wakakubali kumlipa fungu la mpunga. Huyo akaitwa Mahasammata, aliyekubaliwa na wengi, na hadithi inamtaja kuwa mfalme wa kwanza. Kwa hiyo maandiko hayo hayaikatai dola. Yanaivua utukufu wa mbinguni, na hilo si jambo dogo, lakini yanaiacha imekaa.

Mambo mengine nayo yasemwe. Mfalme Bimbisara alipolalamika kwamba askari wake wanatoroka jeshini kwenda kuwa watawa, Buddha aliweka kanuni kwamba aliye katika utumishi wa mfalme asipokewe. Mtumwa aliyetoroka naye hakupokewa, wala mwenye deni. Watawa wa kike waliwekewa kanuni nane zinazowaweka chini ya wanaume, hata mwanamke aliyekaa katika utawa miaka mia moja ampe heshima mwanamume aliyepokewa siku hiyohiyo. Mwanarki akikuta sharti kama hilo katika chama chochote, angeliita kwa jina lake, nasi tusilifunike kwa sababu tunalipenda lililobaki.

Swali langu kubwa kuliko yote ni la chakula. Nani alikuwa akilima? Mtawa aliweza kumiliki vitu vinane kwa sababu kila asubuhi mwanamke fulani aliamka alfajiri akapika wali na kumwekea bakulini. Usawa wa wasiolima umesimama juu ya jasho la wanaolima, na hao walilipa kodi kwa mfalme. Sijui kama jumuiya hiyo ilijitoa katika dola au ilikaa tu katika kivuli chake. Baadaye wafalme wenyewe, kuanzia Ashoka katika karne ya 3 kabla ya Kristo, wakawa wafadhili wakubwa, na katika karne ya 20 mahekalu mengi ya Zen ya Japani yaliyabariki majeshi yaliyovamia nchi za jirani.

Mkaazi wa Tudor amejibu:

Shikamoo mwalimu. Hoja yako kuhusu Japani ni ya kweli, na kwa sababu hiyohiyo naomba nimlete mtu aliyesimama upande wa pili, kwani katika mazungumzo haya jina lake halipaswi kukosekana.

Uchiyama Gudō alizaliwa mwaka 1874, akawa padri wa madhehebu ya Sōtō ya Zen, akasimamia hekalu dogo la Rinsenji katika milima ya Hakone. Waumini wake walikuwa wakulima maskini waliolima mashamba ya wengine. Mwaka 1904 aliandika katika gazeti la wajamaa kwamba yeye, kama mhubiri wa Ubudha, anafundisha kuwa viumbe wote wana asili ya Buddha na kuwa katika sheria hiyo hakuna wa juu wala wa chini, na kwamba amegundua maneno hayo yanakubaliana kabisa na ujamaa. Serikali ilipowakamata viongozi wa harakati hizo mwaka 1908, alinunua mtambo wa kuchapia, akauficha hekaluni, akachapa kijitabu cha siri. Aliwaambia wakulima wasilipe kodi ya mashamba, wakatae kuandikishwa jeshini, na wajue kwamba mfalme mkuu si mwana wa miungu. Mwaka 1909 alikamatwa. Madhehebu yake yalimvua upadri akiwa kizuizini, na tarehe 24 Januari 1911 alinyongwa, yeye na wengine kumi akiwamo mwanarki Kōtoku Shūsui, katika kesi ya uhaini dhidi ya mfalme. Kanno Suga, mwanamke pekee, akanyongwa kesho yake. Sōtō ilimrudishia heshima yake mwaka 1993, miaka 82 baadaye.

Ninachokiona katika maisha yake ni kwamba hakuhitaji kuunganisha vitabu viwili. Alikuwa na fundisho la usawa alilolisoma kila siku mbele ya madhabahu, na alikuwa na wakulima waliokuja kwake wakiwa na njaa, na akakataa kulisoma fundisho hilo kana kwamba haliwahusu.

Kuhusu nani alime, mwalimu, jibu moja lilitoka Uchina. Baizhang, mwalimu wa karne ya 8 na ya 9 wa Chan, yaani Zen ya Kichina, anasimuliwa kwamba aliwataka watawa wake wote walime, naye alilima nao hata uzeeni. Wanafunzi walipomficha jembe kwa kumhurumia, alikataa kula, akasema kwamba siku isiyo na kazi ni siku isiyo na chakula. Na huko Sri Lanka, mwaka 1958, mwalimu wa shule A. T. Ariyaratne aliwapeleka wanafunzi wake kufanya kazi katika kijiji maskini. Kutokana na safari hiyo ikaota harakati ya Sarvodaya Shramadana, ambayo jina lake linabeba maana ya kutoa jasho kama sadaka. Vijiji maelfu vilichimba visima na kutengeneza barabara kwa njia hiyo. Ariyaratne hakuwa mwanarki, lakini hakungoja dola.

Mjukuu wa Kaya amejibu:

Nitasema machache. Wazee wetu wa Mijikenda waliishi katika kaya, yaani makazi yao ya msituni, kwa muda mrefu bila mfalme, wakiamua mambo katika baraza la wazee, na misitu yao imo katika orodha ya urithi wa dunia tangu mwaka 2008. Wanaijeria wawili, Sam Mbah na I. E. Igariwey, walitoa kitabu mwaka 1997 wakionyesha kwamba jamii nyingi za Kiafrika zilikuwa na mwelekeo wa namna hiyo, na kwamba ujamaa wa Tanzania ulipotea njia dola ilipoanza kuwahamisha watu kwa nguvu. Nayasema haya ili tusidhani kwamba jambo hili linatoka India na Urusi peke yake. Hata hivyo nakubaliana na mwalimu: katika kaya nako kijana na mwanamke hawakusikilizwa kama mzee.

Msomaji wa Makadara:

Nawashukuru nyote. Mwalimu, swali lako la nani alime limenikaa, kwa sababu hata katika kisima chetu waliokaa barazani kuamua walikuwa wanaume, na waliobeba ndoo walikuwa wake na watoto wetu, ambao hatukuwahi kuwauliza. Dada Kibokoni, kisa cha Kosambi kinanipa moyo, lakini sisi hatuna bakuli la kunyimwa. Tungemnyima nini mwenzetu?

Binti Kibokoni amejibu:

Mwalimu amenirekebisha kuhusu Mahasammata, na nakubali. Maandiko hayaikatai dola, na sitaki kuyalazimisha. Ninachoshikilia ni kwamba ndani ya jumuiya yao watawa walijijengea utaratibu ambao haukutumia fimbo, na kwamba utaratibu huo ulikuwa na meno.

Kanuni zao zina kitendo kinachoitwa kupindua bakuli. Mtu mmoja wa kabila la Walichavi, aliyeitwa Vaddha, alimsingizia mtawa kosa kubwa la aibu. Jumuiya haikumpiga wala kumshtaki kwa mfalme. Ilitangaza kwamba imempindulia bakuli, yaani haitapokea tena chakula chake. Kwa mtu aliyeamini kwamba sadaka ndiyo akiba yake ya maisha yajayo, huko kulikuwa kufungiwa mlango. Alipokiri kosa, bakuli likarudishwa kinywa juu. Watawa wa Myanmar walitumia kitendo hichohicho dhidi ya watawala wa kijeshi mwaka 1990, na tena Septemba 2007, walipoandamana wakikataa sadaka za wanajeshi na jamaa zao. Waanarki wanalifahamu jambo hili kwa majina ya mgomo na kususia: mtawala anasimama kwa sababu tunampa na tunapokea kwake, na mikono yetu inaweza kuacha vyote viwili. Najua kwamba mwaka 2007 bunduki zilijibu, na kwamba katika nchi hiyohiyo watawa wengine baadaye walichochea chuki dhidi ya ndugu zetu Warohingya. Mkono unaoweza kupindua bakuli unaweza pia kushika mwenge.

Ambedkar, aliyeongoza kamati iliyoandika rasimu ya katiba ya India na kuingia Ubudha huko Nagpur tarehe 14 Oktoba 1956 pamoja na mamia ya maelfu ya watu waliodharauliwa kwa tabaka lao, aliligusa jambo hili katika maandishi yake kuhusu Buddha na Karl Marx. Hakuwa mwanarki hata kidogo. Aliwauliza wakomunisti waliodai kwamba dola itanyauka: ikinyauka, mahali pake patashikwa na nini? Na akasema kwamba nguvu ikiondolewa, kinachoweza kuushikilia mfumo wao ni dini tu, na kwamba Sangha ilikuwa na mali ya pamoja bila udikteta. Naona swali hilo linawahusu waanarki kuliko wakomunisti, na wao hawapaswi kulikwepa kwa kutuambia kwamba binadamu ni mwema. Kropotkin hakulikwepa, alipofika mwisho wa kitabu chake alizitaja jumuiya za mwanzo za Wabudha na Wakristo kuwa ni kurudi kwa kule kusaidiana kwa kale.

Sasa kisima. Mna bakuli, ndugu yangu, ila hamjaliona. Huyo jirani anakula kikoa nanyi mwezi wa Ramadhani, watoto wake wanaangaliwa na wake zenu, na akifiwa mtamchimbia kaburi. Sisemi mumnyime mazishi, Mungu apishe mbali. Nasema kwamba jumuiya yenu ilikuwa na nyuzi nyingi zaidi ya ule ufunguo, na mlipokasirika mlikimbilia kufuli. Na kabla ya kumsusia, watawa walikuwa na njia nyingine waliyoiita kufunika kwa nyasi, kama mtu anavyofunika uchafu njiani: ugomvi ukishachafuka kiasi kwamba kila swali linazaa chuki mpya, pande zote mbili hukutana, mmoja kwa kila upande anakiri makosa ya upande wake, yake mwenyewe yakiwamo, na mambo yanafunikwa bila kufukuliwa tena. Kanuni hiyo haitumiki kwa makosa mazito, na kuuza maji ya wenzako usiku huenda ni kosa zito. Hilo mtaliamua wenyewe. Lakini na nyinyi mna la kukiri, kwa sababu mlimwachia mtu mmoja ufunguo miaka miwili bila kupokezana, kisha mkashangaa.

Msomaji wa Makadara:

Ni kweli, hatukupokezana. Ilikuwa rahisi kwetu, na usumbufu wote ulikuwa wake. Alikuwa akiamshwa alfajiri kila siku kufungua, na sikumbuki hata mara moja tuliyomshukuru.

Ijumaa tutakutana tena, safari hii uani kwa mama mmoja badala ya barazani, ili wanaochota maji wawepo. Nimeombwa niseme kwa upande wetu. Nitaanza na hilo la ufunguo, kisha la kufuli lililovunjwa, ambalo nilikuwapo likivunjwa na sikumzuia mtu. Kwa upande wake bado hatujui nani atasema. Mwanawe mkubwa amekuja jana usiku kuuliza saa ngapi.